Nyumba Iliyoezuliwa na Upepo Inauzwa Mombasa: Ikague Hivi Kabla ya Kutoa Arbuni

Paa limeezuliwa upande mmoja, bati mbili zimekunjika juu ya mwembe wa jirani, na sebuleni kuna alama ya maji inayofika magotini. Dalali anakwambia ni upepo tu: rudisha paa, piga rangi, una nyumba. Bei yenyewe iko chini kiasi cha kukufanya utie mkono mfukoni papo hapo.

Usitie. Nimeingia nyumba kadhaa za namna hii nikiwa na jamaa zangu waliokuwa wakitafuta pa kukaa, na nimejifunza kwamba upepo mara chache huvunja kilicho kizima. Huchukua kilicholegea. Kilichoanguka siku ya dhoruba kilianza kuharibika miaka mingi nyuma, kwa chumvi, kwa maji ya chini, au kwa mjenzi aliyebania nondo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, na la kuiuliza nyumba yenyewe, ni hili: nini kilikuwa kibovu kabla upepo haujaja?

Hapa kwetu swali hilo lina uzito zaidi kwa sababu Mombasa iko karibu na ikweta, na vimbunga vikubwa vya Bahari ya Hindi kwa kawaida havitufikii. Hata Hidaya, kilichoingia nchi kavu Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilipiga kusini mwetu. Sisi hupata pepo kali za kusi, mvua za masika na bahari iliyochafuka. Nyumba iliyojengwa vizuri huyastahimili hayo mwaka baada ya mwaka. Iliyoshindwa ina sababu yake, nawe itafute.

Anza na udongo, nyumba baadaye

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia.

Mombasa ina jambo ambalo mgeni wa bara hulishangaa: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja au kwa wakala wake. Majengo, Kisauni, Likoni, nyumba za namna hiyo ni nyingi, na watu wamezirithishana na kuuziana kwa karatasi ya makubaliano. Nyumba ikiwa imesimama, mpango huo una maana yake. Nyumba ikiwa imebomoka, fikiri tena. Unachonunua ni nini? Haki ya kukaa pale imeshikana na jengo, na jengo limeanguka. Mwenye ardhi anaweza kukataa usijenge upya, au akakuruhusu utengeneze ya udongo na fito kama ilivyokuwa lakini si ya mawe. Hapo utakuwa umetoa pesa za nyumba ukapewa mabati mabovu na kuni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali, kabla hata ya bei: "Inauzwa na ardhi yake, au nyumba peke yake?" Akianza kuzunguka, umepata jibu. Ikiwa ni nyumba peke yake na bado unaitaka, mtafute mwenye ardhi mwenyewe, usiridhike na mkusanyaji kodi, na akupe ruhusa ya maandishi inayotaja wazi kwamba utajenga upya na utajenga kwa vifaa gani. Wakili aishuhudie. Na jua mapema kwamba benki haitakukopesha kwa nyumba isiyo na hati.

Ikiwa ina ardhi, pata nakala ya hati na ufanye sachi katika ofisi ya ardhi. Sachi itakuonyesha jina la mwenye mali, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayeuza. Hati ikiwa bado iko kwa jina la marehemu, simama. Warithi wamalize kwanza mambo ya mirathi, iwe mahakama ya kadhi kwa Waislamu au mahakama nyingine, na anayesaini awe na mamlaka ya kusaini kwa niaba ya wote. Nyumba iliyoharibika mara nyingi huuzwa na mtoto mmoja aliyechoka kugharamia, ndugu zake wako Jeddah na Nairobi wala hawajui. Wakirudi watakukuta ndani.

Uliza pia kama ni wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hata anayekaa humo angekuwa wa ukoo wa aliyeiweka. Mitaa ya zamani haya yapo, na wazee wa msikiti wa jirani watakwambia kwa dakika tano kile ambacho karatasi huchukua wiki kukieleza.

Mengine nitayapita haraka. Muuzaji akiwa ana mke au mume na hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, mwenzake lazima akubali kwa maandishi. Dai kibali cha kaunti kwamba kodi ya kiwanja imelipwa, na kama ni ardhi ya kukodi kutoka serikalini, kibali cha kodi hiyo pia na miaka iliyobaki. Mtwapa watu huihesabu Mombasa, lakini iko Kaunti ya Kilifi, ofisi zake ni nyingine. Na kiwanja kikiwa kinapakana na bahari, mpeleke mpima aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kwa sababu bahari hula. Mwamba wa matumbawe huliwa kutoka chini, juu unaona bustani nzuri kumbe ukingo unaning'inia. Bikoni ikiwa imeshaingia majini, unanunua eneo lililomo kwenye karatasi tu.

Nenda siku ya bamvua

Usiikague nyumba mara moja, tena mchana wa jua. Nenda mara tatu. Mara moja uende mvua ikinyesha au imetoka tu kunyesha, na mara moja uende siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu.

Sababu ni hii. Siku za bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika bandari yetu huzidi mita tatu. Mitaro mingi ya mji humwaga baharini au kwenye vijito vya maji ya chumvi. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mtaro hauna pa kumwaga, na maji hurudi mitaani. Ndiyo maana mtaa mmoja hufurika kwa mvua ya saa mbili na siku nyingine haufuriki kwa mvua ya kutwa nzima. Bamvua kwetu hujaa alasiri na alfajiri, kwa hivyo pita kwenye saa kumi jioni, simama mlangoni, uangalie maji ya mtaro yanaelekea wapi.

Kisha tafuta mstari wa mafuriko. Mwenye nyumba atakuwa amepaka rangi, lakini watu hupaka panapoonekana. Angalia nyuma ya milango, ndani ya kabati za ukutani, chini ya ngazi, nyuma ya jiko. Rangi mpya kuanzia sakafuni hadi kiunoni peke yake inasema yote. Muulize jirani, wala usimuulize "hapa hufurika?" maana atasema hapana kumlinda mwenzake. Muulize, "Mvua ikiwa kubwa, friji yenu mwaiweka juu ya nini?" Akikuonyesha matofali yaliyopangwa tayari, umepata jibu.

Paa hutengenezwa. Ukuta hutengenezwa. Kiwanja kilicho bondeni hakitengenezwi kwa bei ya mtu wa kawaida. Nyumba ikiwa mahali pa maji, iache, hata uwe umeshaipenda.

Nguzo: sikiliza kwa nyundo

Shangazi yangu aliipata nyumba Likoni, ya vyumba vitatu, ya mawe, yenye baraza mbele. Masika yalikuwa yamechukua paa la nyuma. Tulimchukua fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, akaja na nyundo ndogo na bisibisi. Paa hakulitazama kabisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya baraza upande unaoelekea bahari, akaigonga kuanzia chini, polepole, kama daktari agongavyo kifua. Ko, ko, ko. Alipofika usawa wa goti sauti ikabadilika, ikawa ya dafu tupu. Akachomeka bisibisi kwenye ufa mwembamba uliokuwa umefunikwa rangi ya krimu, akasukuma, na kipande cha zege kikaanguka miguuni mwake. Ndani nondo ilikuwa imechambuka tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma, rangi ya chungwa. Akachukua tabaka moja, akalivunja kwa vidole viwili, akampa shangazi mkononi.

"Mama," akamwambia, "hii haikuvunjwa na upepo. Hii ni chumvi."

Tujifunze anachojua mzee yule. Chumvi ya bahari hupenya kwenye zege hadi ikaifikia nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, na uvimbe huo hupasua zege kutoka ndani. Nyufa za namna hii huenda sambamba na nondo: wima kwenye nguzo, kwa urefu chini ya mihimili. Mara nyingine chumvi haikutoka hewani, ilichanganywa tangu siku ya kwanza: mchanga wa ufuoni usiooshwa, au maji ya kisima cha chumvi yaliyotumika kukoroga simenti kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu. Mombasa maji ya mfereji yamekuwa shida siku zote, ijapokuwa bomba la chemchemi za Mzima linatuletea tangu miaka ya 1950, kwa hivyo muulize muuzaji maji ya mjengo yalitoka wapi. Zege lililokorogwa kwa maji ya chumvi huendelea kuoza hata ukipaka simenti juu.

Kwa hivyo gonga kila nguzo na kila mhimili unaofikika, na hasa upande wa bahari. Tazama slabu kutoka chini: madoa ya kahawia yaliyojipanga mistari ni nondo zinazolia. Nguzo moja au mbili hutengenezwa: zege bovu huchongolewa hadi nyuma ya nondo, chuma kinasuguliwa au kubadilishwa, kisha kinafungwa upya kwa zege safi. Lakini ukikuta mistari hiyo slabu nzima, mlete mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, mlipe, na uchukue ripoti yake kwa maandishi. Hiyo ndiyo pesa ambayo sitakushauri kamwe uibanie.

Paa

Upepo haulisukumi paa chini, hulivuta juu. Huanzia pembeni na kwenye ukingo, unainua bati moja, na likishafunguka hewa huingia ndani na kulisukuma lililobaki. Baraza pana iliyo wazi husaidia kazi hiyo mbaya.

Panda ngazi. Tazama mbao zilizobaki zimeshikwa na nini ukutani. Nyumba nyingi zilizoezuliwa nilizoziona, boriti ya juu ya ukuta ilikuwa imelazwa kwenye simenti, basi, hakuna kilichoifunga. Utakapotengeneza, agiza kila kombamoyo, yaani mti wa mteremko wa paa, lifungwe kwa ukanda wa chuma hadi kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Ni gharama ndogo, na ndiyo inayozuia paa lisiondoke. Mabati yashikwe kwa skrubu zenye mpira, ziwe nyingi zaidi kwenye ukingo na pembeni. Chagua bati nene, na kumbuka geji huhesabiwa kinyume: 28 ni nene kuliko 30. Paa lenye miteremko minne hustahimili upepo kuliko la miteremko miwili yenye kuta za pembetatu pembeni.

Mbao zilizobaki zichome kwa kisu. Kikipenya kama kwenye keki, ni mchwa au maji. Usirudishe mbao za zamani kwenye paa jipya kwa kuonea huruma pesa.

Na kama paa la zamani ni la zile shiti za kijivu za asbesto, zilizoezekwa sana zamani, usimwache kijana azivunje kwa nyundo. Vumbi lake huua mapafu polepole. Kanuni za taka za 2006 zinaiweka asbesto kwenye taka za hatari. Waondoaji wawe wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na gharama hiyo itolewe kwenye bei ya nyumba.

Ikiwa ni Mji wa Kale

Nyumba za matumbawe na chokaa zina kanuni zake. Ukuta wake ni mnene na unapumua: hunywa unyevu na kuutoa. Ukiukandika simenti unauziba pumzi, maji yanabaki ndani, na chumvi inatokeza kama unga mweupe unaobandua rangi kila mwaka. Tumia chokaa. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, ndiyo maana kumbi za wazee wetu ni ndefu na nyembamba. Boriti huozea kwenye ncha, pale zilipoingia ukutani, huku katikati zikionekana nzima. Chokonoa ncha.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kabla ya kubadilisha mlango, roshani au hata rangi ya mbele, wasiliana na ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Itakuchelewesha, kweli. Lakini milango ile ikishaondoka hairudi, nami naomba atakayenunua pale awe mtu anayelijua hilo.

Vidogo vinavyouma

Nyaya na soketi zilizowahi kulowa maji ya mafuriko zote zing'olewe, usikubali "zimekauka". Mita ya umeme na ya maji uliza madeni yake. Kisima kilichofurikiwa usinywe maji yake kabla hakijasafishwa, kutiwa dawa na kupimwa maabara, hasa kama shimo la choo liko karibu, na kwetu karibu kila mara liko karibu.

Bei na mkataba

Usianze kwenye bei ya muuzaji ukashuka. Anza kwenye thamani ya nyumba isiyo na ubovu ya mtaa uleule, kisha uteremke kwa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba nzima hapo huenda milioni 9. Matengenezo kwa ripoti ya mhandisi ni milioni 2.5. Ongeza robo ya matengenezo kwa yale yatakayofichuka ukishabandua plasta, yaani 625,000. Umebaki na 5,875,000, na bado hujalipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4. Ukinunua kwa milioni 5.4, ushuru ni 216,000, na 259,000 zinazobaki ni za wakili, mpima, mhandisi na kodi ya unapokaa wakati mjengo unaendelea. Hiyo milioni 5.4 ndiyo bei yako ya juu kabisa. Angalia pia kwamba ushuru hukokotolewa kwa thamani atakayoitoa mthamini wa serikali, ambayo inaweza kuwa juu ya mlichokubaliana.

Mkataba wa ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, umesainiwa na kushuhudiwa. Maneno ya barazani hayatakusaidia mahakamani. Arbuni kwa desturi ni asilimia 10, na ikae kwa wakili hadi mauzo yakamilike, isiende kwa dalali wala mkononi kwa muuzaji anayesema ana mgonjwa hospitali. Muda wa kukamilisha kwa kawaida ni siku 90. Kwa nyumba iliyoharibika ongeza kifungu kimoja: hali ya jengo kama ilivyo kwenye ripoti na picha za tarehe fulani, na ikizidi kubomoka kabla hujakabidhiwa, bei ijadiliwe upya au urudishiwe arbuni yako. Siku 90 zinaweza kuingia masika yote.

Mpangilio wa kazi

Kibali cha kaunti kwanza, kwa matengenezo makubwa, na kontrakta aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kisha pangilia kazi kwa majira. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, kaskazi ikivuma. Paa lifunguliwe na kufungwa hapo, kabla masika hayajaanza kuchungulia Machi. Ukinunua katikati ya mvua, funika turubai, subiri.

Paa, kisha nguzo, kisha mitaro ya kutoa maji uani. Halafu bandua plasta yote yenye chumvi, mpaka sentimita hamsini hivi juu ya alama ya maji, na uache ukuta wazi ukauke. Hapa ndipo watu hukosa subira. Ukuta wa matumbawe uliokunywa maji huchukua miezi. Wakati unakauka, pitisha nyaya na mabomba. Fundi mlipe kwa hatua iliyokamilika, vifaa nunua mwenyewe, na siku ya kumwaga zege uwepo saiti tangu asubuhi, uone maji yanayotiwa yametoka wapi.

Shangazi aliinunua ile nyumba ya Likoni, baada ya muuzaji kuziona picha za nguzo na kushuka bei. Nguzo tatu zilifungwa upya. Rangi aliizuia mpaka mwisho. Kila jioni alikuwa akibandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne, na asubuhi anakibandua kuona kama kuna matone nyuma yake. Matone yaliendelea Oktoba, Novemba, Desemba. Mafundi wakamwambia, mama, huu umekauka, tupake tuondoke. Akawaonyesha nailoni. Mapema Februari aliibandua ikatoka kavu asubuhi tatu mfululizo, ndipo akawapigia simu waje na brashi.